Boot Barn: Tuanze Miguuni, Si Kwenye Kofia

Kila Boot Barn, kampuni ya Marekani yenye maduka ya buti na mavazi ya kikauboi na ya kazi, inapotoa hesabu zake, maelezo huwa yameshaiva kabla tarakimu hazijasomwa. Mauzo yakipanda, sababu ni ile tamthilia ya televisheni iliyoanza mwaka 2018 kuhusu familia ya wafugaji wa Montana, au ni Beyoncé, aliyetoa albamu yenye mwelekeo wa kantri Machi 2024 na kujitokeza juu ya farasi akiwa na kofia nyeupe ya pama. Mauzo yakishuka, tunaambiwa fasheni imepita na makauboi wa mjini wamerudi kwenye raba zao. Maelezo haya yana ukweli ndani yake na nitaupa nafasi yake. Ila yanamtazama mteja kuanzia kichwani: yanaona kofia, yanaona bizimu kubwa ya mkanda, yanaona picha za tamasha, basi hukumu inatolewa. Mimi naomba tuanze miguuni.

Hata sisi wa Afrika Mashariki tunaanzia juu. Kenya ina wapenzi wengi wa muziki wa kantri, na msanii kama Sir Elvis amejijengea jina kwa kuuimba, kwa hiyo buti ya kauboi kwetu ni vazi la jukwaani. Anayeijua kwa sura nyingine ni ndugu yetu aliyehamia Texas au Colorado na kuingia duka hilo kwa mara ya kwanza kutafuta buti ya kwenda kazini. Nitarudi kwake.

Kwa kifupi, duka lenyewe ni hili. Ken Meany alifungua la kwanza mwaka 1978 huko Huntington Beach, California, mji unaojulikana zaidi kwa wateleza mawimbi kuliko kwa ng'ombe. Mwishoni mwa 2011 kampuni ya uwekezaji ya Freeman Spogli ilinunua sehemu kubwa ya umiliki, na mwaka uliofuata Jim Conroy akapewa uongozi. Wakaanza kununua minyororo ya maduka ya wenzao: RCC Western Stores mwaka 2012, Baskins ya Texas na Louisiana mwaka 2013, na Sheplers mwaka 2015 kwa dola milioni 147. Katikati ya hayo, Oktoba 2014, hisa zake ziliingia Soko la Hisa la New York kwa dola 16 kila moja. Kufikia mwisho wa mwaka wa hesabu uliofungwa Machi 2025, kampuni ilikuwa na maduka 459 katika majimbo 49 na mauzo ya dola bilioni 1.911. Wakati wa kuingia sokoni, mauzo ya mwaka mzima yalikuwa hayajafika dola milioni 350.

Kufungua maduka mengi si ajabu. Mwenye mtaji anaweza kufungua mia kwa mkupuo, na Marekani imejaa majengo matupu ya minyororo iliyokua haraka na kufa haraka. Ndiyo maana tarakimu ninayoing'ang'ania mimi haihusu idadi ya maduka. Ni mauzo ya maduka yaleyale, yaani yale ambayo yalikuwepo mwaka jana na bado yapo mwaka huu, yakipimwa dhidi yao wenyewe. Kipimo hiki hakidanganyiki kwa urahisi, kwa sababu duka jipya haliwezi kulificha lile linalosinyaa.

Katika mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2022, mauzo ya maduka yaleyale ya Boot Barn yalipanda kwa asilimia 53.7. Isome tena. Katika biashara ya nguo na viatu, mwenye duka akipata ongezeko la asilimia 4 au 5 anakenua. Huku ni kama duka kuamka asubuhi na kukuta nusu ya duka la pili imeota ndani yake, bila kuongeza chumba.

Wachambuzi wengi walisema, na kwa wakati ule walikuwa na haki ya kusema, kwamba kilichopanda hivyo lazima kishuke. Serikali ya Marekani ilikuwa imetuma hundi za dola 1,400 kwa kila mtu anayestahili, hundi zilizoanza kufika Machi 2021, mwaka huo wa hesabu ukiwa ndio unaingia. Watu walikuwa wamefungiwa ndani kwa sababu ya korona, sasa wanatoka, rodeo (mashindano ya makauboi ya farasi na fahali) zinarudi, harusi zilizoahirishwa zinafungwa, matamasha yanafunguliwa. Pesa ipo, hamu ipo. Iliyobaki ilikuwa kusubiri duka lirudi pale lilipokuwa.

Tusubiri pamoja basi. Tuseme duka liliuza 100 katika mwaka ulioishia Machi 2021. Mwaka uliofuata likauza 153.7. Mwaka ulioishia Machi 2023, mauzo ya maduka yaleyale yalishuka kwa asilimia 0.1, hivyo bado tuko kwenye 153.5. Mwaka ulioishia Machi 2024 yalishuka kwa asilimia 6.2, na hapo ndipo vichwa vya habari vilipotangaza mwisho. Tumeshuka hadi 144. Mwaka ulioishia Machi 2025 yakapanda kwa asilimia 5.5, nasi tuko karibu na 152. Miaka mitatu baada ya kile kilichoitwa upepo, duka lilikuwa limesimama karibu palepale upepo ulipoliacha. Hundi za serikali zilikuwa zimeliwa zamani.

Najua hesabu hii ina matundu, na nayataja kwa sababu nataka ishike. Kundi la maduka yanayopimwa hubadilika kila mwaka, maana la juzi likikomaa nalo huingizwa. Kisha kuna mfumuko wa bei: kati ya Machi 2021 na Machi 2025 bei za jumla Marekani zilipanda kwa takriban asilimia 20, kwa hiyo ile 152 ukiivua mavazi ya mfumuko inabaki kama 126. Mkosoaji makini ataenda mbele zaidi na kugawanya mauzo yote kwa idadi ya maduka mwishoni mwa mwaka. Maduka 273 yaliyouza dola milioni 893.5 hadi Machi 2021 yanatoa wastani wa dola milioni 3.3 kwa kila moja; maduka 459 ya Machi 2025 yanatoa milioni 4.2. Hilo ni ongezeko la asilimia 27 tu, na mfumuko wa bei unalimeza sehemu kubwa.

Hoja hiyo ni nzito na nimeifikiria sana. Lakini kati ya maduka hayo 459, 186 hayakuwepo miaka minne kabla, na kiasi cha 60 yalifunguliwa ndani ya mwaka huohuo, mengine yakiwa hayajauza hata miezi sita. Mtoto aliyezaliwa Desemba huwezi kumhesabu kama mvunaji wa mwaka mzima. Duka jipya huanza chini kisha hupanda, na kadiri unavyofungua mengi ndivyo wastani unavyovutwa chini, hata kama hakuna duka kongwe lililopoteza mteja. Hata robo tu ya ongezeko halisi, iliyodumu miaka mitatu katika biashara ya viatu, inadai maelezo mengine mbali na nyimbo na televisheni.

Maelezo yangu yako kwenye soli.

Ingia katika duka la Boot Barn, pita buti za ngozi ya mbuni zilizopangwa mbele, nenda upande wa pili. Huko kuna buti za kazi zenye kofia ya chuma vidoleni, soli zisizoteleza kwenye mafuta, mashati na suruali zisizoshika moto haraka kwa ajili ya mafundi wa umeme na watu wa visima vya mafuta, jaketi nzito za wajenzi. Upande huu haupigwi picha. Mtu hauingii kwa sababu ameona tamthilia. Anauingia kwa sababu msimamizi amemwambia Jumatatu asikanyage eneo la kazi bila viatu vya usalama.

Sheria za Marekani za usalama kazini zinamtaka mwajiri ahakikishe wafanyakazi walio katika hatari ya kuangukiwa au kupondwa miguu wanavaa viatu vya kinga. Lakini kanuni za malipo, zilizotungwa mwaka 2007, zinamruhusu mwajiri asilipie buti za kawaida za chuma ambazo mfanyakazi anaweza pia kuzivaa nje ya kazi. Waajiri wengine huchangia, wengine hutoa vocha, wengi humwachia mfanyakazi. Kwa hiyo sheria inamlazimisha mtu kuvaa buti, na buti inatoka mfukoni mwake. Buti hiyo ikitembea kwenye zege saa kumi kwa siku, haichukui muda mrefu soli kuisha. Mwenye nayo atarudi dukani, atake asitake.

Hapa ndipo ndugu yetu anapoingia. Wakongomani, Warundi na Wakenya wanaozungumza Kiswahili katika miji ya Marekani wengi wao wako kwenye maghala, malori, ujenzi na viwanda. Kwa watu hawa Boot Barn ni kama duka la pembejeo kwa mkulima. Pengine mtu kama huyo ananunua na kofia ya pama siku ya sherehe, akapiga picha na kuituma nyumbani, na picha ndiyo tunayoiona sisi. Buti tatu alizochakaza kabla ya picha ile hatuzioni.

Kuna saa mbili zinazotembea katika duka hili. Moja ni ya mtu wa tamasha: amenunua buti ya ngozi iliyodariziwa, anaivaa mara nne kwa mwaka, na ikitunzwa inaweza kukaa miaka kumi. Huyu akipotea baada ya ununuzi mmoja, hakuna wa kushangaa. Nyingine ni ya mtu wa kazi, na inakimbia. Wachambuzi wanaosema fasheni imekwisha wanaangalia saa ya kwanza, kisha wanashangaa kwa nini ya pili haijasimama.

Katikati kuna kundi la tatu ambalo ndilo lililonishawishi zaidi: mtu aliyekulia katika maisha haya bila kuuliza kama ni fasheni. Mfugaji wa Wyoming, mwalimu wa Oklahoma, mwanasheria wa Fort Worth anayekwenda mahakamani na buti chini ya suti, mama wa Houston anayepeleka watoto kwenye maonyesho ya mifugo na rodeo ya mji ule, yaliyoanza mwaka 1932 na sasa yanavuta zaidi ya watu milioni mbili kila msimu. Hawa hawakungoja mtu yeyote awaambie buti zimerudi.

Ndiyo maana hoja ya Beyoncé, ninavyoiona mimi, imewekwa kichwa chini miguu juu. Yeye ni mzaliwa wa Houston. Weusi wa Texas na Louisiana wana misafara yao ya farasi ya mwisho wa wiki, na wamekuwa nayo kabla ya albamu yoyote. Wanahistoria hukadiria kwamba katika miongo iliyofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, takriban mchunga ng'ombe mmoja kati ya wanne alikuwa Mweusi; na kabla yao wote walikuwepo wachungaji wa Kimeksiko, ambao waliwafundisha wengine kamba, tandiko na neno rodeo lenyewe. Bill Pickett, mtoto wa familia iliyotoka utumwani, aliyezaliwa Texas mwaka 1870, ndiye anayepewa sifa ya kuanzisha ule mchezo wa kumrukia fahali kutoka mgongoni mwa farasi na kumwangusha kwa pembe. Rodeo ya kuzunguka majimbo yenye jina lake, iliyoundwa kwa ajili ya makauboi Weusi, imekuwepo tangu 1984. Wateja hawa walikuwa wakinunua buti miaka yote. Kilichotokea Machi 2024 ni kwamba kamera ziligeuzwa upande wao.

Nikisema hivyo simaanishi kwamba umaarufu haukusaidia. Ulisaidia, hasa kwa wanawake, na Boot Barn iliujua mapema kuliko wengi. Ilitengeneza chapa ya Idyllwind pamoja na mwimbaji Miranda Lambert kabla ya hekaheka zote hizi. Kinachonivutia ni namna walivyoipokea hekaheka. Muuza fasheni akiona wateja wamejaa hujaza stoo nguo za msimu, na msimu ukigeuka hubandika punguzo la nusu bei ili kuziondoa. Sehemu kubwa ya bidhaa za Boot Barn hazina msimu. Buti ya kahawia ya ncha ya mraba, namba 10, ikikosa mnunuzi Aprili itauzwa Septemba kwa bei ileile, na ikiuzwa mfumo unaagiza nyingine kujaza nafasi. Jinzi ya Wrangler ya kauboi imebaki ileile kwa miongo. Duka la namna hii linaweza kukosea hesabu kwa miezi mitatu na lisife.

Sasa nigeukie upande wa pili, ambao nao una watu na maumivu yake.

Wenye umri watakumbuka kwamba haya yamewahi kutokea. Filamu moja ya mwaka 1980 iliyochezwa katika baa kubwa karibu na Houston iliipeleka Marekani nzima madukani kununua buti. Viwanda vikaongeza zamu, maduka yakafunguliwa hadi New York. Miaka michache baadaye soko likaanguka, na waliokuwa wamepanua walibaki na stoo zilizojaa na madeni. Anayeitazama Boot Barn ya leo akakumbuka ile ajali hana kosa. Tofauti ninayoiona ni kwamba safari ile mauzo yaliporomoka mara tu kelele zilipotulia, na safari hii hayakuporomoka. Lakini miaka minne si miaka ishirini.

Pigo la pili dhidi ya hoja yangu linatoka ndani ya hoja yenyewe. Nimemsifu mtu wa kazi kama nguzo ya duka. Nguzo hiyo iliwahi kutikisika vibaya. Kati ya katikati ya 2014 na mwanzo wa 2016, pipa la mafuta ghafi lilishuka kutoka zaidi ya dola 100 hadi chini ya dola 30. Visima vya Texas, North Dakota na Wyoming vikasimamishwa, vibarua wakarudishwa makwao, na maduka ya Boot Barn katika miji ile yakahisi mara moja. Ndio kwanza kampuni ilikuwa imebeba deni la kuinunua Sheplers. Hisa iliyoanza na dola 16 ilishuka chini ya bei hiyo na ikakaa huko. Kwa hiyo mtu wa kazi ananunua buti kila mwaka, naam, mradi kazi ipo. Leo maduka yametawanyika majimbo 49 na hayategemei mafuta kwa kiasi kile, lakini ujenzi wa nyumba ukilala kwa miaka miwili nchi nzima, sitegemei duka hili lipone bila jeraha.

Lawama ya tatu ni ya miji midogo, na hii ndiyo inayonigusa. Soko la buti Marekani kwa muda mrefu lilikuwa la maduka ya familia: baba, mama na binti, duka moja au mawili, fundi anayeikunja kofia kwa mvuke huku akiuliza habari za ndama wako. Wengi wa wenye maduka hayo wamezeeka, na watoto wao wamekwenda mjini. Boot Barn ikifungua duka kilomita ishirini kutoka hapo, ikiwa na jozi nyingi mara tatu na tovuti inayoleta mzigo hadi mlangoni, mzee anaweza kushindana kwa ukarimu lakini si kwa namba za viatu. Hata majina makubwa yalifutwa. Sheplers ilianza Wichita, Kansas, mwaka 1899 kama biashara ya vifaa vya farasi. Baada ya kununuliwa, jina lake liliondolewa kwenye milango ya maduka na kubaki kwenye mtandao. Aliyekuwa akipelekwa na babu yake pale kila Agosti kabla ya shule kufunguliwa amepoteza kitu ambacho hakiingii kwenye hesabu za robo mwaka.

Nakubali hasara hiyo. Ninachokataa ni kumbebesha Boot Barn mzigo wote. Duka la familia lililokosa mrithi lingefungwa hata kama mpinzani asingekuja, na mteja wake angeishia kununua mtandaoni kitu kisichomkaa mguuni. Buti si fulana. Kisigino kinapaswa kuteleza kidogo siku ya kwanza, unyayo wa juu ubanwe bila kuumia, na huwezi kulijua hilo mpaka uivute kwa vishikio vyake vya juu na usimame. Tena minyororo ya kifamilia iliyojipanga haikumezwa: Cavender's, iliyoanzishwa Pittsburg, Texas, mwaka 1965, bado ni ya ukoo na bado inaongeza maduka. Tecovas, iliyoanza Austin mwaka 2015 kwa kuuza mtandaoni peke yake, imejikuta nayo ikifungua maduka ya matofali. Kama soko hili lingekuwa la mmoja tu, hao wasingekuwepo.

Jambo ambalo kweli linanitia wasiwasi halisemwi sana. Zaidi ya theluthi moja ya mauzo ya Boot Barn sasa ni chapa zake yenyewe: Cody James kwa wanaume, Shyanne kwa wanawake, Hawx kwa kazi. Faida ya buti ya namna hiyo ni kubwa kuliko ya chapa za wengine kama Ariat au Justin iliyo rafu ya jirani, kwa sababu hakuna wa kugawana naye, na hilo limechangia kupanua faida ya kampuni katika miaka hii. Kwa mteja wa kipato cha chini ni heri: anapata buti inayofanana na ya bei mbaya kwa dola pungufu. Lakini mtengeneza viatu anayeleta mzigo katika duka hilo anamkuta mwenye duka amekuwa mpinzani wake, tena mpinzani anayejua ni rangi gani na namba gani inauzwa kila Jumamosi katika maduka yake yote.

Kazi ya ufundi wa buti ina historia ndefu huko Texas. H. J. Justin alianza kushona buti Spanish Fort, Texas, mwaka 1879, na Lucchese ilianzishwa San Antonio mwaka 1883. El Paso ilijaa mafundi, na ng'ambo ya mpaka mji wa León, Guanajuato, umejengwa juu ya ngozi na viatu. Sehemu ya chapa za duka hutengenezwa Mexico, nyingine China na kwingineko, na ushuru mpya wa mwaka 2025 umeilazimisha kampuni kuharakisha kupunguza utegemezi wake kwa China. Ikiwa kazi hiyo itahamia León kwa bei inayomlipa fundi, vizuri. Ikiwa itafuata tu penye mshahara mdogo zaidi, basi duka litakuwa limekula akiba ya jina ambalo mafundi wale walilijenga kwa zaidi ya karne. Sijaona bado ushahidi kwamba mambo yanakwenda upande mbaya, lakini hapa ndipo ningemkazia macho kiongozi wa kampuni kuliko kwenye nyimbo za mwaka huu.

Kiongozi huyo sasa ni mwingine. Oktoba 2024 ilitangazwa kwamba Conroy anaondoka kwenda Ross Stores, kampuni nyingine ya maduka, na hisa zikaanguka mara moja, kana kwamba miaka kumi na miwili ya kazi ilikuwa ya mtu mmoja. John Hazen, aliyekuwa akisimamia mauzo ya mtandaoni, alishika nafasi kwa muda na Mei 2025 akathibitishwa. Katika robo mbili za kwanza za mwaka wa hesabu uliofuata, mauzo ya maduka yaleyale yalipanda kwa asilimia 9.4, kisha 8.4. Wakati huo ile tamthilia ilikuwa imeshamalizika na albamu ilikuwa na zaidi ya mwaka.

Kisha mwishoni mwa 2025 kampuni ikasema inaona nafasi ya maduka 1,200 nchini Marekani, kutoka lengo la awali la 900. Mwaka 2014 lengo lilikuwa 400. Wakati ule duka jipya lilitarajiwa kuuza dola milioni 1.7 katika mwaka wake wa kwanza na kurudisha mtaji ndani ya miaka mitatu. Siku hizi kampuni inatarajia zaidi ya milioni 3 na mtaji kurudi kabla ya miaka miwili kutimia. Tarakimu hizo ni za kampuni yenyewe, na muuzaji husifia samaki wake. Hata hivyo maduka mengi mapya yanafunguliwa mbali na nchi ya ng'ombe, katika majimbo ya mashariki ambako rodeo za kuyabeba ni chache, na bado mauzo ya jumla hayajaonyesha dalili ya maduka mageni yanayofia mikononi.

Pale mashariki ndipo ningekwenda kusimama kama ningetaka kujua nani yuko sahihi. Ningechagua duka la New Jersey au Pennsylvania lililofunguliwa miaka mitatu iliyopita, nisimame asubuhi ya Jumamosi karibu na rafu ya buti za chuma, na kuangalia soli za wanaoingia.